Saa Chache Mbele ya Tanuri

Warsha ya siku moja ya kupuliza kioo humalizika bila mwanafunzi kuondoka na alichotengeneza. Kitu chake, kiwe bilauri au tufe la rangi la kutundika dirishani, hulala ndani ya tanuri la kupozea hadi asubuhi, naye hukifuata kesho yake. Akikishika hatimaye, huona ukingo umepinda na upande mmoja umekuwa mzito kuliko mwingine. Hukumbuka pia kwamba sehemu zilizotoka vizuri ni zile ambazo mkono wa mwalimu ulikuwa juu ya mkono wake. Hapo mashaka huanza, na ni mashaka yenye haki. Kwa karne nyingi ufundi huu ulirithishwa kwa uanagenzi wa miaka mingi. Basi anayelipia saa chache za Jumamosi anajifunza nini hasa? Ninachotetea katika sura hii ni kwamba anajifunza mengi kuliko wakosoaji wanavyokubali, na sababu imo ndani ya kioo chenyewe. Kazi ya kioo huanza na kuisha kwa muda mfupi mno, na ufupi huo ndio unaoipa warsha haki ya kuitwa shule. Masharti yapo, na mara nyingi husahauliwa na wanaouza warsha hizi sawasawa na wanaozinunua.

Tuanze na mali yenyewe. Kioo cha kawaida ni mchanga, magadi na chokaa. Mchanga peke yake huhitaji joto linalozidi nyuzi 1,700 za Selsiasi ili uyeyuke. Magadi hulishusha joto hilo hadi pale ambapo tanuri la kawaida hufika, na chokaa hukifanya kioo kistahimili maji na unyevu. (Magadi yanayovunwa katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, huenda kwa wingi kwenye viwanda vya kioo, kwa hiyo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamekwisha kunywa maji katika glasi yenye asili ya nyumbani bila kujua.) Barafu ina kipimo chake maalumu cha kuyeyuka, na chuma kadhalika. Kioo hakina. Kikichotwa tanurini kwenye nyuzi 1,100 hivi hutiririka kama asali, na kadiri kinavyopoa huwa kizito, kisha kikaidi, kisha kigumu, bila mtu kuweza kuonyesha ni wapi hali moja ilikoma na nyingine kuanza. Fundi hufanya kazi yake yote katika njia hiyo ya kuteremka. Anapata sekunde kadhaa za kioo kutii, kinagoma, anakirudisha kwenye tanuri dogo la kupashia, anapata sekunde nyingine. Muda wote huo bomba linazungushwa bila kukoma, kwa sababu kioo laini kikiachwa kitulie hata kidogo huning'inia upande mmoja, na mhimili wake ukishapotea kuurudisha ni kazi ngumu kuliko kuulinda.

Wengi hufika wakidhani kinachotakiwa ni mapafu yenye nguvu. Pumzi ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Mtu anaweza kupuliza kidogo, akaziba mdomo wa bomba kwa kidole gumba, na hewa iliyonaswa ndani ikapata joto, ikapanuka, ikaanzisha puto yenyewe. Kazi ngumu ni ya macho na vifundo vya mikono: kujua kwa rangi na kwa mwendo wa kioo kwamba sasa kimelainika vya kutosha, sasa kimezidi, sasa kimebaki na muda wa kuminywa shingo mara moja tu kwa koleo kabla ya kurudishwa motoni. Upawa wa mbao uliolowekwa maji, gazeti lenye majimaji linaloshikwa kiganjani, bamba la chuma la kuviringishia, vyote ni njia za kukiambia kioo kipoe upande gani na kwa kasi gani. Umbo ni matokeo ya joto lililogawanywa vizuri. Mwanafunzi akitoka na jambo hilo moja kichwani, ameshika kiini cha ufundi.

Na analishika upesi kwa sababu mzunguko mzima unaingia katika dakika 20 hadi 40. Kioo kinachotwa, kinaviringishwa, kinapulizwa, kinaminywa shingo, kinahamishiwa kwenye fimbo ya chuma inayoshika kitako, kinafunguliwa mdomo, kinagongwa kidogo kiachie, kinaingizwa kwenye tanuri la kupozea. Mfinyanzi aliyeacha ukuta wa chungu ukiwa mnene husubiri siku nyingi kukausha na kuchoma ndipo hukumu itolewe. Fundi wa jahazi huweza kungoja misimu. Mpuliza kioo akizubaa kuzungusha, kioo kinamwonyesha kosa lake papo hapo, mbele ya macho yake, na baada ya nusu saa anaanza upya na kioo kipya akiwa bado anakumbuka alipokosea. Siku moja ya wanafunzi wawili wanaoshirikiana benchi moja inaweza kumpa kila mmoja majaribio manne au matano kamili, tangu mwanzo hadi mwisho. Katika ufundi mwingi wa mikono idadi hiyo ya mizunguko ingedai majuma. Kwa hiyo tunapopima thamani ya warsha ya kioo, saa ni kipimo kibaya. Tuulize mwanafunzi amepitia mizunguko mingapi, na katika mingapi kati ya hiyo mikono ilikuwa yake.

Kuna ushahidi wa namna ujuzi huu unavyoingia mwilini. Mwanasosholojia Erin O'Connor alijifunza kupuliza kioo mjini New York, na mwaka 2005 akachapisha makala ya kitaaluma kuhusu safari hiyo ya mwanagenzi. Richard Sennett aliitumia katika kitabu chake The Craftsman cha mwaka 2008, akieleza jinsi O'Connor alivyohangaika kutengeneza bilauri ya mvinyo. Mwanzoni akili yote iko kwenye vyombo: namna ya kushika bomba, mahali pa kuweka kiwiko, pembe ya koleo. Taratibu vyombo vinajificha na uangalifu unahamia kwenye kioo chenyewe, hasa kwenye kile ambacho kioo kiko karibu kuwa. Fundi huishi hatua moja mbele ya mkono wake. Naona maelezo haya yanafafanua vizuri warsha fupi inaweza na haiwezi nini. Haiwezi kumfikisha mtu hapo. Kuvisahau vyombo kunataka marudio mengi kuliko yanayoingia katika wikendi. Inaweza, hata hivyo, kumfanya aonje mara moja au mbili uangalifu wake ukihama, nusu dakika ambayo aliacha kuutazama mkono akatazama mwanga wa kioo ukififia. Aliyekwisha kuonja hivyo anajua anatafuta nini akirudi. Asiyeonja anaweza kusoma vitabu kumi vya kioo na bado asijue.

Historia nayo iko upande wa warsha fupi, na kwa uzito kuliko watu wanavyokumbuka. Hadi katikati ya karne ya 20, kioo cha kupuliza nchini Marekani kilikuwa kazi ya viwanda. Aliyechora umbo alikuwa mtu mmoja, aliyelipuliza alikuwa mwingine, na iliaminika kwamba tanuri haliwezi kuwa dogo kiasi cha kumtosha msanii mmoja. Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin na mtoto wa mwanafizikia wa kampuni ya kioo ya Corning, hakuikubali imani hiyo. Machi 1962, kwa msaada wa Otto Wittmann aliyekuwa mkurugenzi wa jumba la makumbusho la sanaa la Toledo, Ohio, aliitisha warsha katika banda lililokuwa kwenye viwanja vya jumba hilo. Ilianza tarehe 23 Machi na kumalizika tarehe 1 Aprili. Walioitikia wengi walikuwa wafinyanzi. Jaribio la kwanza la kuyeyusha lilishindikana. Ndipo Dominick Labino, mtaalamu wa kioo wa kampuni ya Johns-Manville, alipopendekeza wayeyushe gololi za kioo ambazo kiwanda hutumia kutengenezea nyuzi za kioo, nazo zikayeyuka vizuri. Harvey Leafgreen, fundi mstaafu wa kiwanda cha Libbey, alijitokeza na kuwaonyesha jinsi bomba linavyoshikwa. Juni ya mwaka huo huo ikafuata warsha ya pili.

Vitu vilivyotoka katika siku zile vilikuwa mapovu mazito yasiyo na umbo la kuvutia. Mtu angeweza kuvitupia jicho akasema kwamba siku kumi hazikufundisha kitu. Lakini walioshiriki waliondoka na maarifa ya tanuri dogo, na tanuri dogo lilibadilisha kila kitu. Littleton alianza kufundisha kioo Wisconsin. Mmoja wa wanafunzi wake, Marvin Lipofsky, alipeleka somo hilo California. Mwingine, Dale Chihuly, alikwenda Murano, kisiwa cha kioo cha Venisi, mwaka 1968 kutazama kazi ya kiwanda cha Venini, kisha mwaka 1971 akashiriki kuanzisha shule ya Pilchuck katika jimbo la Washington, shule ambayo hadi leo hufundisha kwa vipindi vifupi. Litajibiwa kwamba washiriki wa Toledo hawakuwa watu wa mitaani, walikuwa wasanii wenye mikono iliyozoea udongo. Ni kweli, na mkono uliozoea gurudumu la mfinyanzi tayari unaelewa mhimili. Hata hivyo mbele ya kioo walikuwa wanafunzi wa siku ya kwanza, na vitu walivyotengeneza vinathibitisha. Vuguvugu zima la kioo cha karakana, lililowawezesha watu wasio wa kiwandani kulikaribia tanuri, lilizaliwa katika warsha mbili fupi.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Venisi. Mwaka 1291 Jamhuri ya Venisi iliagiza matanuri ya kioo yahamishiwe kisiwa cha Murano, na kwa karne kadhaa mafundi wake walizuiwa kuondoka na siri zao. Hapo mtoto aliingia kiwandani akibeba na kufagia, akapanda ngazi kwa ngazi kwa miaka, na wachache tu wakafika kuwa maestro, yaani fundi mkuu. Lino Tagliapietra, aliyezaliwa Murano mwaka 1934, aliingia kiwandani akiwa bado mtoto. Anayejua utaratibu huo ana haki ya kuuliza: je, kuuza warsha za saa tatu si kuwadanganya watu kwamba bonde la miaka hiyo yote linarukwa kwa hatua moja? Ninaheshimu pingamizi hili, kwa sababu ubora wa kazi ya Murano ni hoja isiyobishika. Mkono unaovuta mguu wa bilauri uwe mwembamba kama unavyotakiwa, mara mia bila kutofautiana, haupatikani kwa njia ya mkato. Lakini tutazame miaka ile ya uanagenzi ilitumikaje. Sehemu kubwa ilikuwa utumishi wa kiwanda: kubeba, kufungua milango ya tanuri, kuandaa vyombo. Ilikuwa kazi halisi yenye mafunzo yake, lakini urefu wake uliwekwa na mahitaji ya uzalishaji na ya kulinda siri, kabla ya kuwekwa na kasi ya mtu kujifunza. Na Tagliapietra mwenyewe ametoa jibu kwa maisha yake. Mwaka 1979 alikwenda kufundisha Pilchuck, akawaonyesha Wamarekani mbinu ambazo baadhi ya watu wa kisiwani kwake waliona hazistahili kutolewa nje. Fundi aliyelelewa katika uanagenzi mrefu kuliko wote alikubali kwamba vipindi vifupi vya kiangazi ni chombo kinachofaa kubebea maarifa yake. Tangu hapo amefundisha hivyo mahali pengi.

Linalobaki ni suala la mkono wa mwalimu, nami naliona ndilo doa la kweli la biashara hii. Katika warsha nyingi za watalii mgeni huchagua rangi, hupuliza mara mbili kupitia mpira mrefu uliounganishwa na bomba, hupigwa picha, na mwalimu hufanya yote mengine. Hiyo ni burudani halali, lakini haipaswi kuitwa somo. Wanaoitetea husema kioo daima ni kazi ya kikundi, na hapo wana ukweli nusu. Hata mabingwa hawafanyi peke yao: yupo anayekaa benchini, yupo anayeleta kioo cha nyongeza, yupo anayekinga joto kwa ubao, yupo anayesubiri mlangoni mwa tanuri la kupozea amevaa glavu nene. Chihuly mwenyewe, baada ya kupoteza uwezo wa jicho moja katika ajali ya gari mwaka 1976 na kuumia bega miaka michache baadaye, aliacha kushika bomba na akaendelea kama kiongozi wa timu. Lakini kikundi hufundisha pale tu ambapo mwanafunzi ana nafasi ndani yake. Kumpashia mwenzako, kumfungulia mlango, kumletea fimbo ya kitako ikiwa na joto linalofaa, ni masomo makubwa. Kusimama pembeni na simu si somo. Sharti la kwanza, basi, ni kwamba mwanafunzi ashike bomba na aruhusiwe kuharibu. Kioo kilichoanguka sakafuni kikiwa bado kinawaka kimemfundisha mhimili kuliko ua zuri lililotengenezwa na mwalimu.

Sharti la pili ni kurudi. Mwaka 1978 wanasaikolojia wa Uingereza Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa posta waliokuwa wakijifunza kupiga chapa. Baadhi walifundishwa saa moja kwa siku, wengine hadi saa nne. Waliopewa saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi kufikia kiwango kilekile; hata hivyo ndio walioridhika kidogo kuliko wote na utaratibu wao, kwa kuwa kwa hesabu ya siku walijiona wanaachwa nyuma. Kibodi si tanuri, na pengo la siku moja si pengo la mwezi, kwa hiyo sitautwisha utafiti huu mzigo usiouweza. Lakini tafiti za kugawanya mazoezi ni nyingi na zinaelekea upande mmoja, na unachoongeza huu ni onyo: hisia ya mwanafunzi kuhusu maendeleo yake ni shahidi dhaifu. Anayefanya wikendi moja ndefu hutoka amechangamka, akidhani amepata. Mwenye akiba ya warsha nne angefanya vyema kuzitandaza, aziache zikaribiane kiasi cha kutosahau na ziachane kiasi cha mkono kupumzika, huku akitengeneza umbo lilelile kila mara. Kubadilisha umbo kila warsha, leo tufe, kesho ua, keshokutwa samaki, kunajaza rafu na kuuacha mkono palepale.

Kuhusu hatari nitasema machache. Hatari kubwa ya karakana ya kioo ni kioo kinachoonekana kimepoa, kwa maana kwenye nyuzi 400 hakina wekundu wowote na kinaunguza nyama mara moja. Viatu vilivyofunika vidole, nguo za pamba na mwalimu anayesema waziwazi ni kipi hakiguswi hutosha kwa sehemu kubwa. Kupoza polepole, kuanzia karibu nyuzi 500 na kushuka kwa saa nyingi, nako ni suala la usalama: kioo kilichopoa haraka hubaki na mkazo ndani yake na kinaweza kupasuka baadaye mezani bila kuguswa. Anayekuruhusu uondoke na bilauri yako siku ile ile anakudhuru.

Gharama ni jambo refu zaidi. Tanuri la kioo halizimwi usiku. Likizimwa, chungu cha ndani kinaweza kupasuka, na kulipasha upya huchukua siku. Kwa hiyo huwaka majuma na miezi, awepo mtu au asiwepo. Hii ndiyo sababu mwenye shauku ya kioo hawezi kufanya kama mshonaji au mchongaji, akajifunza darasani na kuendelea sebuleni. Kwake warsha na saa za kukodi benchi ndiyo njia pekee, na wanaomlaumu kwa kutonunua vyombo vyake hawajui wanamtaka anunue nini. Lakini moto unaowaka bure una lawama yake, na kwa msomaji wa Nairobi au Arusha swali ni halali: kwa nini tuchome mafuta ili watu wenye nafasi wapate burudani? Jibu zuri limekwisha kuonekana hapa kwetu. Kitengela, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, karakana ya Anselm Croze imekuwa ikipuliza kioo tangu miaka ya 1990 kwa vioo vya madirisha na chupa zilizotupwa, na matanuri yake yanatumia mafuta yaliyokwisha kutumika. Arusha, katika viwanja vya Arusha Coffee Lodge, karakana ya Shanga imewafundisha mafundi wenye ulemavu kupuliza kioo cha chupa kuukuu, na bidhaa zao zinauzwa. Matanuri hayo yanawaka kwa ajili ya riziki za watu. Mwanafunzi wa saa mbili anapoongezwa pembeni haongezi moto, anaugawana.

Ugumu wa kioo hiki cha kuokota ni wa kiufundi, na unastahili kusemwa. Kioo cha chupa kimetengenezwa kwa ajili ya mashine, ambazo hutaka kigande upesi. Mtu anayekipuliza kwa mdomo hupata muda mfupi kuliko anayetumia kioo kilichoandaliwa kwa karakana, na chupa za viwanda tofauti zikichanganywa huweza kutanuka kwa viwango visivyolingana na kupasuana zinapopoa. Ndiyo maana kazi nyingi za kioo cha namna hii huwa nene na zenye maumbo ya wazi: bakuli, jagi, bilauri pana. Kwa mwanafunzi huo ni mpaka mzuri. Bilauri pana yenye ukuta mnene inavumilia mkono usiotulia, na kioo kinachoganda upesi kinamlazimisha kurudi motoni mara nyingi zaidi, ambako ndiko somo liliko. Karakana ikichambua chupa zake kwa rangi na asili, ikatenga benchi moja jioni baada ya zamu ya mafundi, na ikamlipa mmoja wao kama mwalimu badala ya kumwomba afundishe kwa hisani, itakuwa na kila kilichokuwepo katika banda la Toledo mwaka 1962, pamoja na jambo ambalo Littleton alilikosa hadi Leafgreen alipobisha hodi: fundi anayeijua kazi, aliyepo tangu asubuhi ya kwanza.